Kisukumio cha Darlène

Ijumaa ile, adhana ya mchana ilipolia, mafundi wawili wa Moustapha walinawa mikono, wakakung'uta vumbi la mbao kwenye suruali zao na kushika njia ya msikitini. Ismaël, aliyekuwa wa mwisho kutoka, aligeuka mlangoni na kumwita Moustapha kwa jina la mwanawe.

"Papa Assani, hauendi?"

"Nakuya nyuma yenu. Nimalize hizi kidogo."

Hizo kidogo zilikuwa fito thelathini na mbili za madirisha ya shule, nyembamba, upana wa kidole gumba. Mkurugenzi wa shule alikuwa amepita mara mbili tangu asubuhi kuuliza zimefikia wapi. Moustapha alijijua. Hakuwa na nia ya kwenda kusali. Jenereta likishawaka alipenda kukata mpaka mafuta yaishe, na siku hiyo lilikuwa linanguruma vizuri. Fundi wa tatu, Darlène, ambaye ni Mkristo, alikuwa ameenda sokoni kutafuta chakula cha wote. Kwa hiyo mzee alibaki peke yake na mashine, katika ateliye yake, karakana iliyo kando ya barabara inayotoka Kasongo kuelekea Kabambare.

Mashine yenyewe ni meza ya chuma yenye msumeno wa duara unaochomoza katikati. Pembeni ya msumeno kuna ubao wa mwongozo. Unalaza mbao, unaiegemeza kwenye mwongozo, unaisukuma mbele mpaka msumeno uipasue. Taabu inakuja mwishoni. Ukipasua fito nyembamba, shubiri ya mwisho inabaki kati ya mwongozo na meno, na kitu cha kuisukumia ni vidole vyako.

Kwa ajili ya shubiri hiyo ya mwisho Darlène alitengeneza kisukumio, wiki yake ya kwanza pale. Alikuwa amesomea useremala katika chuo kimoja cha Bukavu kabla ya kurudi nyumbani, na hicho ndicho kitu alichokifanya kabla hata ya kupewa kazi: kibao chenye mpini juu na kisigino kidogo nyuma, cha kuishika mbao na kuisukuma bila mkono kukaribia meno. Alimletea Moustapha kwa mikono miwili, kwa heshima. Moustapha alikipokea, akakigeuza juu chini, akawaonyesha wenzake.

"Sasa hii ni nini? Pasi ya kunyooshea nguo?"

Mafundi wakacheka. Siku hiyo kulikuwa pia na maseremala wengine wawili wa jirani waliokuja kuazima randa, nao wakacheka. Moustapha akaunyanyua mkono wake wa kuume, akavitanua vidole mbele ya uso wa yule dada.

"Miaka makumi mbili na saba niko na mashine. Hesabu. Iko vingapi?"

"Tano, papa."

"Basi."

Kisha akainama, akakisukumiza kile kibao chini ya mguu mfupi wa meza ya kazi, ule uliokuwa ukiyumba tangu mvua zilizopita. Meza ikatulia. Watu wakacheka tena, na Darlène akarudi kwenye kazi yake. Kibao kikakaa hapo miezi saba.

Fito ya ishirini na tatu ilikuwa na fundo. Moustapha aliliona, akasema moyoni litapita. Mbao ilipofika pale ikabanwa, ikaruka, ikarudi nyuma kwa nguvu, na mkono uliokuwa ukiisukuma ukaenda mbele peke yake. Hakusikia maumivu. Alihisi kama amepigwa fimbo. Alipotazama, kidole cha shahada hakikuwapo, na cha kati kilibaki nusu.

Alizima jenereta kwa mkono wa kushoto. Hata leo hajui ni akili gani iliyomkumbusha kuzima. Akavua shati, akauviringisha mkono, akatoka barabarani, na wa kwanza kutokea alikuwa Chadrack, kijana wa moto, yaani pikipiki ya kukodi, aliyekuwa akirudi bila abiria kutoka njia ya Wamaza.

Kijana huyo hakuwa mtu wa pale. Alikuja kutoka upande wa Beni kutafuta dhahabu, dhahabu haikumtaka, akaishia kuendesha moto ya mfanyabiashara mmoja aitwaye Octave. Alisimama, akaona damu, hakuuliza maswali. Akafungua ule ukanda wa mpira wa kufungia mizigo, akaufunga kwenye kifundo cha mkono wa mzee, akaukaza kwa meno.

"Unishike na mukono moja, papa. Usilale. Zungumuza na miye."

Hopitalini watu walikuwa wamejaa kwenye ubaraza. Chadrack alimwingiza akimshika kiunoni, kisha akatoka kwenda kuosha damu iliyotapakaa kwenye kiti cha moto. Muuguzi, mama mmoja aitwaye Emilienne, alilifungua shati lile taratibu.

"Nini imekukata, papa?"

Moustapha akainua macho. Kwenye benchi, hatua tatu kutoka kwake, alikaa mmoja wa wale maseremala wawili walioazima randa, na mtoto mwenye homa mapajani. Alikuwa anamtazama. Alikuwa anangoja jibu kama wengine wote. Na Moustapha akakisikia kinywa chake mwenyewe kikisema:

"Moto. Nilikuwa naenda kusali. Kanzu ikanasa ku munyororo, nikainama kuitoa, na huyu kijana akatia mwendo."

Emilienne akakitazama kidonda, akamtazama yeye.

"Munyororo unatafuna, papa. Hii imekatwa safi."

"Ni munyororo."

Emilienne akaandika alichoambiwa.

Uongo ule ulitoka hopitalini kabla yake. Hadi jioni mji mzima ulikuwa unajua kwamba mzee Moustapha ameumizwa njiani akienda kumwabudu Mungu, na aliyemuumiza ni kijana wa kuja, asiyejulikana kwao wala kwa nani. Chadrack alipojaribu kueleza kwamba alimkuta mzee tayari anavuja damu, watu walimzomea. Nani angeliacha neno la mtu mwenye mvi, fundi wa mji, aliyetengeneza nusu ya milango ya Kasongo, ashike la mpita njia? Siku ya tatu Octave akamnyang'anya moto.

Siku ya nne Chadrack akaja hopitalini. Moustapha alimwona tangu mlangoni, akiwa ameshika kofia yake ya kuendeshea. Akafumba macho, akageukia ukuta.

"Papa," sauti ikasema karibu na kitanda. "Papa, najua haulali. Sikukuya na ubaya. Useme tu neno moja kwa Octave. Neno moja. Miye nilikufunga na mupira wangu."

Moustapha akakaza macho. Ukuta ulikuwa na rangi ya buluu iliyobanduka, na hata leo anaweza kukuchorea umbo la kila baka. Alivuta pumzi polepole, kama anayelala. Kijana alisimama pale muda mrefu. Kisha hatua zake zikaenda.

Aliporudi nyumbani, mke wake alimtandikia, akamlisha uji kwa kijiko, akamfunga na kumfungua bandeji. Mama Assani ni mwanamke wa maneno mengi, lakini juu ya jambo hilo hakusema lolote. Siku moja tu, akiwa anapanga nguo, aliitungua kanzu nyeupe ya mumewe kutoka msumari ulio nyuma ya mlango. Ilikuwa safi, imepigwa pasi, kama alivyoitundika mwenyewe Ijumaa ile alfajiri. Akaikunja mbele yake, mara mbili, akaiweka sandukuni, akatoka nje. Moustapha alibaki akiutazama ule msumari.

Msikitini ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Walimwombea dua, walimpa nafasi safu ya mbele, wazee walimshika bega na kumwambia kwamba aliyeumia katika njia ya sala ujira wake ni mkubwa. Alipokaa kwa ajili ya shahada, pale ambapo kila mtu hunyoosha kidole cha mkono wa kuume kumshuhudia Mungu mmoja, alikuta hana cha kunyoosha. Akahisi kwamba watu wote wanajua, ingawa hakuna aliyejua, na kwamba Mungu, aliyejua, hahitaji kuambiwa.

Wiki ya sita akarudi ateliye. Alikuwa na desturi mpya ya kuutia mkono mfukoni. Aliegemea meza ya kazi, meza ikayumba. Akainama kutazama. Chini ya mguu mfupi hapakuwa na kitu.

Darlène alikuwa kwenye mashine, anapasua. Mbao ilipofikia shubiri ya mwisho, alinyoosha mkono, akachukua kisukumio chake kutoka kwenye ndoano, akakilaza juu ya mbao, kisigino nyuma, akasukuma mpaka fito ikapita na kuanguka upande wa pili. Akazima mashine.

"Karibu, papa. Pole."

"Hicho kibao umekitoa lini?"

"Siku ile ile."

Darlène akawa anafuta vumbi mezani, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Nilitoka soko," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini, "nikakuta damu ku mashine. Na ile ingine. Nikaosha. Ile ingine nilifunga na kitambaa changu cha kichwa, nikazika kule nyuma, ku migomba."

"Haukumwambia mutu."

"Ningesema nini, papa? Wewe ulishasema."

Moustapha alitamani Darlène amtukane. Alitamani apige kelele watu wajae, jambo liishe. Lakini dada yule alisimama tu, macho chini, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

"Na Chadrack?"

"Wanasema amekwenda Lusangi, ku mashimo ya dhahabu."

Siku iliyofuata ndipo jambo lilipofikia shingoni. Ismaël alikuwa akipasua mbao za kitanda, anasukuma kwa vidole, huku akimtania Darlène juu ya kisukumio chake. Moustapha alikuwa nje anapokea mbao. Alisikia kila neno.

"Hicho ni cha wanawake! Hii mashine haiyakata mutu hata siku moja. Papa Assani miaka makumi mbili na saba, na mwisho kilichomukata ni nini? Moto!"

Kicheko. Na msumeno ukazidi kulia. Moustapha akaingia mbio, akaona kidole gumba cha Ismaël kiko umbali wa punje ya hindi kutoka kwenye meno, akapaaza sauti ambayo hakujua kuwa anayo.

"Zima! Zima hiyo mashine!"

Ismaël akashtuka, akazima. Msumeno uliendelea kuzunguka muda kidogo, ukapungua, ukasimama. Hapo Moustapha akautoa mkono mfukoni, akaufungua kitambaa, akauweka juu ya meza ya chuma, mahali penyewe.

"Ni hapa," akasema. "Haiko moto. Ni hapa, miye peke yangu, wakati ninyi muko munasali. Na kibao cha Darlène kilikuwa pale chini, hatua mbili. Sikukuwa naenda kusali. Chadrack alinikuta barabarani."

Ismaël alimtazama kama mtu anayemtazama baba yake akivuliwa nguo sokoni. Kisha akatazama pembeni, na hilo liliuma kuliko msumeno. Kijana huyo ndiye aliyekuwa amemwombea dua kwa sauti kubwa kuliko wote.

Moustapha akavuta kiti, akaketi karibu na Darlène.

"Unifundishe kukitengeneza."

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, na siku hiyo alishika penseli kwa mkono wa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza. Darlène alimchorea kwenye ubao mwepesi: mwili mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, mpini ulioinama mbele ili kiganja kikae juu, mbali na meno. Kisigino akakifanya kipande cha peke yake, kinachoingia kwenye tundu, ili kikiliwa na msumeno ubadilishe hicho tu. Moustapha alipofikia kukipigilia, akaokota msumari kwa mazoea. Darlène akamshika mkono.

"Hapana musumari, papa. Musumeno ukigusa chuma, meno yanaruka ku macho. Tia gundi na kijiti."

Akachonga vijiti. Chini ya kibao wakabandika kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la moto ili kishike mbao isiteleze. Mpira huo ulitoka kwenye lundo la takataka nje, lakini Moustapha alipokuwa anaukata kwa mkasi, akaukumbuka mpira mwingine na meno ya kijana yaliyoukaza, na ilimbidi aweke mkasi chini.

Cha kwanza kilitoka kimepinda. Cha pili kilikaa sawa. Ismaël aliwatazama kwa mbali mpaka saa tisa, kisha akaja, akakaa, akachukua kipande cha ubao.

Kesho yake asubuhi Moustapha alikwenda kwenye kituo cha moto. Vijana walikuwa kumi na zaidi, na Octave mwenyewe alikuwa pale akikagua tairi. Moustapha aliwasalimu, akasema alichokuja kusema. Alikisema kwa maneno machache, kwa sababu alipojaribu mengi usiku kitandani yote yalikuwa yanatafuta pa kujificha. Mmoja akacheka kwa mshangao. Octave akanyooka.

"Muzee, unajua nilimufanyia nini yule mutoto?"

"Najua. Ulifanya juu ya neno langu."

"Moto yake ingali inamungoja. Lakini miye siendi kumwambia. Wewe ndiye uende."

Akaenda. Kutoka Kasongo hadi machimbo ya Lusangi ni safari ya kuvunja kiuno, na kijana aliyempeleka hakuzungumza naye njia nzima. Walimkuta Chadrack anaosha mchanga katika kijito, suruali imekunjwa hadi magotini, amekonda. Alimwona mzee anashuka, akaendelea kutikisa beseni lake.

"Chadrack, mwanangu."

"Miye siko mwana wako."

Moustapha akasimama palepale, viatu ndani ya matope. Akamweleza: ameshasema ateliye, ameshasema kituoni, ameshasema kwa Octave, Ijumaa ijayo atasimama msikitini. Moto inamngoja. Akaomba msamaha. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Ulipogeukia ukuta," akasema, "nilikuwa nafikiri labda umekufa. Nikangoja nione kama unapumua. Ndiyo maana nilikawia pale."

Chadrack akamwaga mchanga wa beseni.

"Mama yangu iko Beni. Watu wa kwetu wanaopita hapa walimupelekea habari. Anajua mutoto wake alimukata muzee vidole, muzee mwenye alikuwa anaenda kusali. Tangu pale haniiti ku simu. Hao wengine wote wa Kasongo, siwajali. Uongee na yeye."

Simu haikushika pale bondeni. Ilibidi wapande kilima kilichokuwa kimechimbwachimbwa, Chadrack mbele, mzee nyuma akitweta, akijishikilia kwa mkono mmoja. Juu kabisa kijana akabonyeza namba, akasalimu kwa lugha ya kwao, akasema maneno mawili matatu, akampa mzee simu.

Moustapha alishaungama kwa mafundi wake, kwa vijana wa moto, kwa tajiri. Alidhani amezoea. Lakini mbele ya sauti ya mwanamke asiyemwona, sauti iliyochoka iliyosema "Allo?", ulimi wake ulikuwa mzito kama mbao mbichi.

"Mama, jina langu ni Moustapha. Ni miye mwenye vidole. Mutoto wako hakunikata. Mashine yangu ndiyo ilinikata, kwa ujinga wangu, na miye nikasema uongo. Mutoto wako aliniokota barabarani, akafunga damu, akanifikisha hopitali. Bila yeye ningekufa. Nilimulipa na uongo."

Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu, hakujua ni wa huku au wa kule. Alingoja matusi, na kwa kweli aliyahitaji.

"Na mukono," yule mama akauliza, "umepona? Hauna usaha?"

Moustapha akaketi juu ya udongo mwekundu, simu ikiwa bado sikioni, akalia, mzee mzima, mbele ya wachimbaji waliosimama na majembe yao kumtazama. Chadrack aliichukua simu mkononi mwake, akaongea na mama yake muda mrefu kwa lugha yao, amegeuza mgongo. Mara moja alicheka kidogo.

Alipomaliza akaifuta simu kwenye shati, akaitia mfukoni.

"Octave nitamwita mwenyewe," akasema. "Nitafikiri."

Akaanza kushuka bila kumngoja. Lakini mahali palipokuwa na utelezi, juu ya shimo la zamani lililojaa maji, alisimama. Hakunyoosha mkono, wala hakugeuka. Alisimama tu, mpaka aliposikia hatua za mzee zimepita salama.